Bure kwa Nani? Maonyesho ya Maktaba za Fasihi Yakitazamwa kutoka Nakivale

Makala haya yanahusu jambo ambalo kwa kawaida huchukuliwa kuwa jema tu, lisilohitaji mhakiki: maonyesho na shughuli za bure zinazoandaliwa na maktaba za utafiti wa fasihi kwa ajili ya umma. Riwaya tunazihakiki, tamthilia tunazihakiki, diwani tunazihakiki mpaka vina na mizani. Maonyesho tunayahudhuria tu. Tunatia saini kitabu cha wageni, tunakunywa soda, tunaondoka. Hali maonyesho nayo ni matini. Yupo aliyechagua kipi kiwekwe ndani ya kabati la kioo na kipi kibaki ghalani. Yupo aliyeandika maelezo ya chini ya picha, akaamua ayaandike kwa lugha gani. Wanafunzi wetu huyasoma maonyesho kama wanavyosoma kitabu cha kiada, yaani huyaamini. Kwa sababu hiyo tunaona hapana budi yahakikiwe.

Tuanze na neno lenyewe. Bure katika Kiswahili lina nyuso mbili. Aliyepewa kitu bila kulipa amekipata bure, na aliyehangaika asipate kitu amehangaika bure. Kiswahili kimeziweka maana hizi nyumba moja, na hatudhani kuwa ni kwa bahati. Basi maktaba inapotangaza kwamba maonyesho yake ni ya bure, tunauliza ni ipi kati ya maana hizo inayomfikia msemaji wa Kiswahili aliye mbali na mji mkuu.

Tunaliuliza swali hili tukitazama Nakivale kwa sababu, katika eneo letu, ndiko Kiswahili kilipo. Mjini Mbarara lugha ya sokoni na ya nyumbani ni Runyankore, na kwa wazee wengi Kiswahili bado kina harufu ya kambi ya jeshi. Ukisafiri kilomita sitini hivi kuelekea kusini-mashariki, hali inageuka. Makazi ya Nakivale yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 yakiwapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao. Leo yamo katika wilaya ya Isingiro, ambayo hadi 2005 ilikuwa sehemu ya Mbarara, na wakazi wake ni zaidi ya laki moja: Wakongo ndio wengi, wakifuatana na Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Mkongo wa Kivu na Mrundi wakikutana kwenye bomba la maji au kwenye foleni ya mgao, lugha ya kwanza kujaribiwa ni Kiswahili. Hakuna waziri aliyewaagiza.

Wakati huohuo serikali ya Uganda imekuwa ikikisukuma Kiswahili shuleni. Mtaala mpya wa sekondari wa mwaka 2020 ulikifanya kuwa somo la lazima katika miaka miwili ya mwanzo, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Maana yake kwa idara kama yetu ni kwamba baadhi ya walimu tunaowaandaa watajikuta katika darasa ambamo mwanafunzi anakisema Kiswahili kwa wepesi kuliko mwalimu wake, ila si kile Kiswahili kilichomo kitabuni. Mwalimu huyo atafanya nini? Atasikiliza, au atafuta kwa kalamu nyekundu? Jibu linategemea sana picha ya Kiswahili aliyojengewa chuoni, na picha hiyo hujengwa pia na yale aliyoonyeshwa kuwa ndiyo hazina ya fasihi ya Kiswahili.

Ni rahisi kudhani kwamba Uganda haijawahi kuwa na hazina hiyo. Historia inasema vingine. Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930 ili kusimamia usanifishaji wa Kiswahili ilihamishia makao yake Makerere mwaka 1952. Ilikaa huko miaka kumi, na jarida lake likasimamiwa kutoka Kampala. Mwaka 1962 ilihamia Mombasa, na mwaka 1964 ikaingia Dar es Salaam na kuwa Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili, kile ambacho baadaye tulikijua kwa jina la TUKI na ambacho tangu 2009 ni TATAKI. Yaani kwa muongo mzima, aliyetaka kujua habari za utafiti wa Kiswahili alipaswa kupanda kilima cha Makerere.

Mwaka 1962 huohuo, mwezi Juni, Makerere ilikuwa mwenyeji wa mkutano mashuhuri wa waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza. Walikuwepo Chinua Achebe na Wole Soyinka. Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa bado mwanafunzi, naye alihudhuria. Shaaban Robert hakualikwa, maana hakuandika kwa Kiingereza. Alifariki mwezi huohuo. Ngũgĩ mwenyewe alikuja kulisema jambo hili baadaye, kwamba mkutano uliojiita wa waandishi wa Kiafrika ulimwacha nje mtu kama huyo. Kilichotushangaza ni kwamba Shaaban Robert alikuwa mjumbe wa Kamati ya Lugha, ile iliyokuwa na makao yake Makerere. Hatujaona maonyesho yoyote yaliyoziweka habari hizi mbili kabati moja: Kamati inafungasha, na waandishi wa Kiingereza wanawasili. Picha mbili tu na mistari minne ya maelezo ingetosha kumfundisha mwanafunzi wa Uganda mambo ambayo mihadhara mitatu haijayafikisha.

Tukija kwenye miswada yenyewe, aliye Mbarara hana budi atazame nje ya mipaka. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyiko ulioorodheshwa na J.W.T. Allen katika kitabu kilichotoka 1970. Zanzibar ina hifadhi yake ya nyaraka. Chuo cha SOAS mjini London kina makusanyo ya Taylor, Hichens, Werner, Knappert, na ya Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa, ambaye alifundisha hukohuko. Na jengo lake la maonyesho, Brunei Gallery, halitozi kiingilio. Sehemu kubwa ya miswada hiyo ya London sasa inaonekana kwenye intaneti bila malipo. Tunaisifu kazi hiyo bila kusita. Mwanafunzi wa Mbarara leo anaweza kuuona kwa simu yake ukurasa ambao mwalimu wake, akisoma shahada ya pili, aliusoma kwenye tanbihi tu.

Lakini kuona si kusoma. Kasoro ya kwanza tunayoiona katika maonyesho ya miswada ya Kiswahili ni kwamba huigeuza fasihi kuwa picha. Utenzi uliandikwa ili uimbwe. Hati ilikuwa msaada wa kumbukumbu na amana ya maneno, wala haikuwa pambo. Ukiufungia ndani ya kioo, ukautia taa ya chini na kuandika karibu yake kwamba usiguswe, umebakiza wino. Mtazamaji asiyejua herufi za Kiarabu anavutiwa na mwandiko kama anavyovutiwa na zulia. Anayezijua anasoma mistari sita ya ukurasa uliofunguliwa, na kurasa nyingine mia zimelala.

Kasoro ya pili ni ya ukweli wa maelezo. Chukua kazi za Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki 1945: mshairi, fundi wa khati, mchongaji na mwanamuziki. Nakala zake zimo London na Ujerumani, na mtu akizitazama hudhani ni vitabu vilivyotolewa kwenye sanduku la bibi wa Kiamu. Nyingi ni nakala alizoziandika kwa kuagizwa na wataalamu wa Kizungu, akina Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann. Utungo ni wa kale, nakala ni ya mteja. Hili halimpunguzii Kijuma hadhi hata chembe. Kwa maoni yetu linamwongezea, kwa sababu linaonyesha fundi aliyejua soko lake na kuitunza fasihi ya kwao kwa njia iliyokuwepo. Ila maonyesho yakinyamaza juu ya aliyeagiza, yanamnyima mtazamaji nusu ya kisa. Kitabu cha Gudrun Miehe na Clarissa Vierke kuhusu Kijuma, kilichotoka 2010, kimelieleza suala hili kwa kina, na tunakipendekeza kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu.

Ya tatu ni lugha. Katika maonyesho tuliyowahi kuhudhuria hapahapa Afrika Mashariki, ambayo hatuna haja ya kuyataja, maelezo ya fasihi ya Kiswahili yalikuwa kwa Kiingereza kuanzia bango la mlangoni hadi karatasi ya kuaga. Mgeni rasmi alisema maneno mawili ya Kiswahili, akapigiwa makofi kama mtoto aliyeanza kutembea.

Hatukutaka kuishia kulalamika. Katika kipindi cha mazoezi ya kufundisha hivi karibuni, tukiwa na kibali cha Ofisi ya Waziri Mkuu, ambacho kila mtafiti anayeingia kwenye makazi hutakiwa awe nacho, tulikwenda na wanafunzi wetu Nakivale tukiwa na kurasa nane tulizozichapisha kwa herufi kubwa kutoka kwenye miswada inayoonekana bure. Tulichagua Utendi wa Mwana Kupona kwa sababu mada yake haihitaji utangulizi: mwaka 1858 mama wa Siu, mjane wa Bwana Mataka, akiwa mgonjwa, anamtungia binti yake Mwana Hashima wosia wa namna ya kuishi. Tulizitundika kurasa kwa vibanio vya nguo kwenye kamba darasani, siku ya Jumamosi, na kando ya kila ukurasa tukaweka maneno yaleyale kwa herufi za Kilatini. Mlango wazi, kiingilio hakuna.

Saa ya kwanza walikuja watoto. Watu wazima waliopita walizitazama karatasi kama mtu anavyotazama tangazo la chanjo, wakaendelea na safari zao. Kama tungekuwa maktaba tungehesabu vichwa vya watoto, tukaandika ripoti kwamba maonyesho yalifana.

Mambo yaligeuka alipoingia mzee mmoja Mrundi, mtu aliyekulia Buyenzi, ule mtaa wa Waswahili wa Bujumbura. Alivaa miwani, akasogea kwenye ukurasa wa kwanza, akaanza kuusoma kwa sauti, kwa mwendo wa madrasa. Herufi hazikumshinda, maneno ndiyo yaliyomshinda. Alilitamka neno la Kiamu vizuri kabisa kisha akageuka kutuuliza maana yake. "Mato ni macho, mzee," alimjibu mwanafunzi wetu mmoja, na "ndia ni njia." Mzee akacheka: "Kumbe Kiswahili kina wajomba ambao sikuwajua." Wale wanafunzi walikuwa wamelikariri somo la lahaja kwa ajili ya mtihani; pale lilitumika kumsaidia mtu. Sauti ya mzee iliwaita wengine. Mwanafunzi aliyejua kuughani utenzi alichukua beti zilizofuata, na kabla ya adhuhuri darasa lilijaa, wengi wao wakina mama.

Hawakusikiliza kwa unyenyekevu wa watu walio makumbusho. Walibishana. Mafundisho ya Mwana Kupona kuhusu kumtii na kumpumbaza mume yaliwagawa. Mama mmoja alisema hayo ni ya mwanamke mwenye nyumba na watumishi. Akataka kujua kama huyo bibi aliwahi kupanga foleni ya chakula huku mume hajulikani aliko. Swali hilo limo katika uhakiki wa kifeministi wa utendi huu, kwa maneno marefu zaidi. Mwingine alimtetea: mama anayekufa hana muda wa kubadili dunia, anampa mtoto silaha zilizopo. Hilo nalo limo katika uhakiki. Tumewahi kusahihisha insha nyingi juu ya utendi huo, na tunakiri kwamba chache zilifikia ukali wa mabishano ya darasa lile.

Kisha mama mmoja kutoka upande wa Uvira akatuambia hivi: "Mwalimu, huyu mama aliachia mutoto maneno. Na mama yangu aliniachia. Lakini yangu haiko ku karatasi." Akaimba wimbo wa kumwaga bibi arusi, nusu Kifuliiru nusu Kiswahili. Akafuatiwa na mwingine, na mwingine. Jioni ilipofika zile karatasi zetu nane zilikuwa zimebaki kama mapazia, na simu za wanafunzi zilikuwa zimejaa sauti, kila moja ikiwa imechukuliwa kwa ridhaa ya mwenyewe.

Msomaji asielewe kwamba tunadharau miswada. Bila kurasa za Siu hakuna aliyekuwa na sababu ya kufungua kinywa. Mtu hakukaribishi kwake kwa kuulizwa kavu kavu kama ana fasihi. Tunachosema ni kwamba maonyesho yalianza kuwa na maana pale yaliporuhusu kujibiwa. Maktaba nyingi huandaa maonyesho yasiyojibika. Huweka kitabu cha maoni mlangoni, nacho huandikwa "hongera" na "nzuri sana".

Sasa tuulize: nyimbo zile zingekwenda maktaba gani? Hapa ndipo maonyesho ya fasihi ya Kiswahili yanapotuangusha zaidi. Aliyoyaona mwanafunzi wetu katika kabati la fasihi ni pwani na Shaaban Robert, kisha waandishi wa Tanzania na Kenya baada ya uhuru. Kiswahili cha Kongo hakimo. Hakimo si kwa sababu hakina maandishi. Wamisionari John Whitehead na mkewe walichapisha kitabu cha kufundishia Kingwana mwaka 1928. Mwaka 1965, mjini Elisabethville, ambao sasa ni Lubumbashi, chama cha watu waliowahi kuwa watumishi wa majumbani kilitoa historia ya mji wao kwa Kiswahili cha huko, iliyoandikwa na André Yav. Ni historia ya ukoloni inayosimuliwa na mpishi na boi, na Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza na uchambuzi. Fabian huyohuyo alimhoji mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya nchi yake katika picha zaidi ya mia moja na kuieleza kila picha kwa Kiswahili. Mazungumzo yao yakawa kitabu mwaka 1996. Matini kadhaa za aina hii ziliwekwa kwenye intaneti na watafiti wa Amsterdam, bila malipo.

Tunaziheshimu kazi hizo. Lakini ona zilivyopangwa: ziko kwenye rafu ya anthropolojia. Mwanafunzi wa fasihi hapiti huko. Historia ya Yav ina msimulizi, ina kejeli, ina hasira iliyofichwa chini ya adabu ya mtumishi. Ingekuwa imeandikwa kwa Kiswahili sanifu tungekuwa tunaifundisha tangu zamani kama wasifu wa kijamii. Kwa kuwa imeandikwa kwa lugha ya Katanga, imeitwa data.

Wanafunzi wetu hulimalizia jambo hili kwa neno moja: kibovu. Kiswahili cha Nakivale ni kibovu. Wanacheka wanaposikia "batu" badala ya watu, "niko nasoma" badala ya ninasoma, "tutoto" badala ya vitoto, "aksanti" badala ya asante. Tuliwaomba wanafunzi Wanyankole waseme watu kwa lugha yao. Ni abantu. Mtoto mdogo ni akaana. Basi kiambishi ba- na kiambishi ka- wanavyo vinywani tangu utotoni, na wanavicheka vikitoka kwa Mkongo. Ama "aksanti", neno hili lilitoka katika Kiarabu likiwa na konsonanti mbili katikati, na asante ya bara imeangusha moja. Mkongo amebakiza mbili, ingawa ya kwanza kaigeuza. Hatusemi haya yaandikwe kwenye mtihani wa taifa. Mwalimu anapaswa kufundisha sanifu, na mzazi wa Nakivale anataka mwanawe afaulu. Lakini mwalimu anayejua kwamba "batu" ina kanuni hufundisha sanifu kama lahaja ya pili ya mtoto. Asiyejua hufundisha aibu.

Tutoe na mfano wa maktaba zinazojaribu kugeuza mambo. Maktaba ya McMillan mjini Nairobi ilifunguliwa 1931, na hadi 1958 ilikuwa ya Wazungu peke yao. Tangu 2017 shirika la Book Bunk, lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limekuwa likiifufua maktaba hiyo pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Kilichotuvutia ni mpangilio wa kazi: walianza kukarabati matawi ya mitaani kabla ya jengo kubwa la katikati ya mji lenye sanamu za simba. Huko Kampala, chama cha waandishi wanawake, FEMRITE, kilichoanza 1996, kimeendesha kwa miaka mingi kikao cha Jumatatu cha kusomeana kazi, ambacho mwandishi asiye na kitabu wala kiinua mgongo anaweza kuingia. Kikao hicho ni cha Kiingereza zaidi, lakini umbo lake ndilo tunalolitafuta: mtu anakuja na karatasi yake, anaisoma, anajibiwa usoni. Hata Newberry ya Chicago, maktaba ya utafiti iliyoanzishwa 1887, ambayo vitabu vyake havitoki nje ya jengo, huwaruhusu watu wote kuingia katika maonyesho yake bila malipo. Jirani wa Newberry anafaidi. Sisi tuliambiwa tu kwamba mlango uko wazi, na mlango uko bahari ya pili.

Umbali ndio kiingilio halisi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutembea nchini, na kwa hilo nchi yetu inasifiwa, kwa haki. Lakini kutoka Nakivale hadi Mbarara ni safari, na kutoka Mbarara hadi Kampala ni kilomita mia mbili na sabini hivi. Tangu mwaka 2023 mgao wa chakula kwa wakimbizi nchini umekuwa ukitolewa kwa makundi kulingana na uhitaji, na nyumba nyingi zimepunguziwa. Mtu wa namna hiyo akiambiwa kuna maonyesho ya bure mji mkuu, anaisikia ile maana ya pili ya neno bure. Maktaba iliyo na gari la kubebea viti vya sherehe inaweza kubeba kabati moja hadi Isingiro.

Na sherehe zipo. Tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mwezi Novemba 2021, kila Julai tuna maandamano, ngonjera na fulana. Mwaka 2023 Uganda ilikuwa mwenyeji wa sherehe za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tumeshiriki na tutashiriki tena. Wanafunzi wanazipenda na zinawatia moyo. Tatizo ni tarehe 8. Mabango yanakunjwa, ngonjera iliyotungwa kwa wiki mbili haihifadhiwi popote, na mwaka unaofuata inatungwa nyingine inayosema yaleyale kuhusu lugha ya umoja. Sherehe ya lugha isiyoacha hata ukurasa mmoja maktabani ni ngoma ya harusi ambayo maharusi hawakuja.

Kuhusu zile sauti za Nakivale, kwa sasa zimo katika diski mbili ndani ya idara, na nakala moja ameachiwa mwalimu wa shule tulikozichukulia, kwa kuwa waimbaji walitaka watoto wao wazisikie kwanza. Wengi waliomba majina yao yasiandikwe, na hayataandikwa. Wawili miongoni mwa waliokuwepo wanangojea kuhamishiwa nchi ya tatu, na mmoja wao ndiye aliyeimba zaidi.

Unukuzi umeanza, na umeleta mzozo katika chumba cha walimu. Wapo wanaotaka tuandike watu palipoimbwa "batu", ili nyimbo zisomeke shuleni. Sisi tunaoandika makala haya tunashikilia "batu", na maana ya sanifu iwekwe ukurasa wa kulia, kama zinavyowekwa tungo za Kiamu ambazo hakuna aliyethubutu kuzigeuza mato kuwa macho. Wanafunzi wa mwaka wa pili wenye masikio ya Kifuliiru, Kibembe au Kirundi wanakaribishwa siku ya Alhamisi mchana waje kusaidia. Hakuna malipo.